Mwizi Mmoja wa Nchi Nzima

Nchi yenyewe ipo, ila msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mchora ramani aliona mto wa nchi jirani ni mrefu zaidi, akaona gere kwa niaba ya wananchi wote, akaiacha nje. Ni nchi ya watu wema. Wana kasoro moja tu, nayo si yao peke yao: hakuna anayeweza kumwona mwenzake amevaa viatu vipya bila kuomba moyoni kwamba viwe vinambana.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Mawe Matatu, alikaa Bi Siwema, mjane mwenye mtoto mmoja na dirisha moja. Mtoto aliitwa Sudi. Dirisha lilitazamana na mlango wa Bi Mashavu, mjane naye, mwenye mtoto mmoja aliyeitwa Chande. Wanawake hao waliitana shoga kwa kuwa hawakupendana. Bi Mashavu akipaka nyumba yake chokaa, Bi Siwema alipaka yake na mpapai ulio mbele yake. Bi Siwema akinunua jogoo, Bi Mashavu alinunua bata, kwa sababu bata hupita mbele ya nyumba ya watu polepole zaidi.

Katika mashindano hayo Bi Siwema alikuwa na ushindi mmoja usiofutika kwa chokaa. Chande alikuwa mwizi wa kuku. Sudi alikuwa mpima sukari katika Ghala la Serikali, tena alipima bila kuweka kidole kwenye mizani, jambo lililowafanya wakubwa wake wamdhanie anaumwa. Na zaidi ya hayo Sudi alikuwa mchumba wa Rehani, binti wa Mzee Shebe msokota kamba. Chande naye alimtaka Rehani. Rehani alipoulizwa na baba yake alijibu kwa ufupi: "Sudi. Sukari yake hufika nyumbani."

Maneno hayo Bi Siwema aliyapeleka ng'ambo ya barabara siku ileile, yakiwa bado ya moto.

Mambo yangebaki hivyo kama serikali isingemrudisha nchini Profesa Kibwana.

Profesa alikuwa amepelekwa ughaibuni kusomea maradhi ya mifugo. Alirudi na elimu tofauti, pamoja na chombo cha shaba chenye miguu miwili iliyopinda, ambacho watu walikiita kaa. Kazi ya kaa huyo ilikuwa kubana kichwa cha mtu na kueleza urefu wake.

"Watukufu," Profesa aliwaambia wakubwa waliokusanyika Barazani, "mwizi hubadili jina. Hubadili kofia. Akibanwa hubadili hata kabila. Lakini nani kati yenu amewahi kumwona mwizi aliyebadili kidole chake cha kati? Mifupa ya mtu mzima haikui wala haisinyai. Tukimpima kichwa, sikio la kulia, mkono, kidole cha kati na mguu wa kushoto, kisha tukampiga picha mbili, moja ya uso na moja ya ubavu, mtu huyo kwisha habari yake. Akikamatwa tena akasema yeye ni mwingine, tutamwonyesha kidole chake."

Wakubwa walipiga makofi. Mmoja tu hakupiga. Mtukufu Mlezi, mkuu wa nchi, aliona gere kwamba jambo zuri hivyo litaanza kwa wezi.

"Nipime mimi kwanza," alisema.

Akapimwa. Kichwa cha Mtukufu Mlezi kilikuwa cha wastani mdogo, na Profesa aliisoma tarakimu yake kwa sauti ya kuimba ili ionekane ndefu. Hapo angenyamaza. Badala yake, kwa uchangamfu wa msomi, akambana Waziri wa Maghala, na kichwa cha Waziri kikazidi cha Mlezi kwa upana wa punje ya choroko.

Waziri alijaribu kuinama. Kabla ya juma kwisha alikuwa ameteuliwa balozi katika nchi isiyofikika, akaambiwa asisahau kichwa chake. Mkuu wa Majeshi, ambaye mguu wake ulijulikana kuwa mrefu, alianza kutembea kwa visigino.

Sheria ikatungwa. Ilisema hakuna mwananchi, awe mwema au mwovu, atakayekuwa na kichwa, sikio, mkono, kidole au mguu wa kuzidi wa Mtukufu Mlezi. Washauri wakaongeza kwamba kupungua sana nako ni utovu wa adabu, maana kutamfanya Mlezi aonekane kama jitu. Basi ikaamriwa kila raia apungue unywele mmoja, si zaidi, si chini ya hapo.

Makarani wa vipimo waliipenda sana sheria hiyo. Kadi zikapigwa chapa mapema, vipimo vikiwemo tayari, ikabaki kujaza jina. Kaa wa shaba aliwekwa juu ya karatasi zisipeperuke.

Chande alikamatwa akiwa na bata wa mkuu wa posta. Alipewa kadi, akapigwa picha, akafungwa majira ya mvua, akarudi. Hakurudi mikono mitupu. Sheria ilitaka picha za mhalifu zitundikwe mlangoni kwake, ndani ya fremu, ili wapita njia wamjue na wajitenge naye.

Wapita njia walijitenga kwa kusogea karibu. Mtaa mzima wa Mawe Matatu haukuwa na mtu aliyewahi kupigwa picha. Kulikuwa na mpiga picha mmoja mjini, na bei yake iliwafaa wafanyabiashara na maharusi wa kikubwa. Sasa hapa palikuwa na Chande, mwizi wa kuku, amevaa koti la serikali, kwa kuwa Profesa alisema kifua wazi huharibu picha. Katika picha ya uso alitazama mbali kama mtu mwenye mashamba. Katika picha ya ubavu alikuwa na pua. Bi Siwema alikuwa jirani yake tangu anazaliwa, na hakuwahi kujua kwamba kijana yule ana pua.

Alistahimili kadiri alivyoweza, kisha akavuka barabara na kibakuli.

"Karibu, mama Sudi," alisema Bi Mashavu. "Umekuja kumtazama mwenzio?"

"Nimekuja kuomba chumvi."

"Chumvi iko jikoni. Huyu yuko hapa." Bi Mashavu alifuta fremu kwa upande wa kanga, ingawa haikuwa na vumbi. "Serikali ilimpiga mbele, ikaona haijatosheka, ikampiga na ubavu. Sudi wako wamempiga upande gani?"

"Sudi hajaiba."

"Pole, shoga," alisema Bi Mashavu, kwa huruma ya kweli kabisa.

Ile pole iliingia chini ya mbavu za Bi Siwema ikakaa. Alipofika nyumbani aligundua kibakuli hakina chumvi, na kwamba hakuwa ameihitaji.

Wivu peke yake haungemwangusha. Alikuwa ameishi nao miaka mingi kama mtu anavyoishi na jino bovu. Kilichomwangusha ni maendeleo. Profesa alitangaza kwamba jina la mtu ni uvumi tu. Yeyote anayetaka huduma ya serikali athibitishe kisayansi kwamba yeye ni yeye. Na waliokuwa na uthibitisho huo ni wahalifu peke yao.

Basi posta ikawahudumia wezi wa mifugo kwa heshima, huku mwalimu mzee aliyefundisha nusu ya mji kusoma akisubiri nje, kwa sababu hakuna aliyeweza kuapa kwamba ni yeye. Hospitali iliwatibu wanyang'anyi. Na Ghala la Serikali likamwita Sudi.

"Tunajua kwamba Sudi ndiye mpima sukari wetu," bosi wake alimwambia kwa upole. "Ila hatujui kama wewe ndiye Sudi."

Mizani akapewa mtu aliyekuwa na kadi tatu, hivyo akahesabiwa kuwa amethibitika mara tatu.

Jioni yake Mzee Shebe alikuja na bunda la kamba kwapani. Hakukaa.

"Mama Sudi, mimi na kijana hatuna ugomvi. Lakini afisa wa ndoa hamwozeshi mtu asiyethibitika. Na mimi mwenyewe nimefikiri. Chande namjua mpaka urefu wa mguu wake wa kushoto. Mwanao namjua kwa kusikia tu. Nikimpa binti yangu mtu wa kusikia, watu watasema nini?"

"Na Rehani anasema nini?"

"Anasema Sudi. Lakini Rehani naye hajathibitishwa."

"Umemlea mwenyewe, Mzee Shebe."

"Hilo nalo nimelisikia tu kwa mama yake," alisema Mzee Shebe kwa masikitiko. Akatoa nafasi mpaka mwisho wa mavuno. Kadi ikipatikana, harusi ni ya Sudi. Isipopatikana, ng'ambo ya barabara kuna kijana mwenye pua.

Bi Siwema hakulia. Alimwita mwanawe, akamkalisha.

"Utaiba," alisema.

"Mama, sijui kuiba."

"Chande hakuzaliwa anajua. Alijifunza, na shule alikuwa nyuma yako."

"Niibe nini?"

"Mimi nikufundishe na hicho? Kaibe bata wa mama Chande. Ni karibu, hutachoka."

Sudi alikuwa mtoto mtiifu. Alivuka barabara mchana kweupe, akapiga hodi, akachukua bata, akamwambia Bi Mashavu samahani. Njiani aliona bata amekonda. Akampeleka nyumbani, akamlisha mahindi, akamrudisha jioni na kibaba kingine cha mahindi kwa usumbufu. Bi Mashavu alimsifu mtaani kote. Bi Siwema alikaa siku mbili bila kusema na mwanawe.

Wakaenda kituo cha polisi wenyewe. Walikuta foleni. Wahunzi, wakunga, waadhini, wauza maandazi, wote walikuwa wamekuja kukiri.

"Wema wamezidi," afande alilalamika, akipepea uso kwa kofia. "Kila mtu siku hizi anataka kuwa mhalifu. Serikali haipokei mtu hivi hivi tu, mama. Lete mdhamini. Mhalifu anayejulikana, aliyekaa karibu na kijana, aseme kwa kinywa chake kwamba tabia yake ni mbaya."

"Mimi nimemzaa. Nasema ni mbaya."

"Wewe una kadi?"

Bi Siwema hakuwa na kadi. Na mhalifu aliyekaa karibu na kijana alikuwa mmoja tu.

Safari hii alivuka barabara bila kibakuli. Chande mwenyewe hakuwa na roho mbaya. Aliamkia, akasikiliza, akasema, "Mama, usiwe na wasiwasi. Sudi namjua toka tukicheza gololi. Ni mtu mbaya sana, nitasema hivyo mbele ya yeyote."

"Ngoja wewe," alisema Bi Mashavu. Alikuwa amekaa chini ya fremu, miguu ameinyoosha. "Jambo la kheri halikimbiliwi. Mama Sudi, tangu picha hizi zimetundikwa, mtaa mzima umepita ukasema neno. Neno lako sijalisikia."

"Nilisema ni nzuri."

"Uliomba chumvi."

Bi Siwema alimtazama Chande wa uso, kisha Chande wa ubavu, kisha Chande mwenyewe, ambaye alikuwa anajikuna. "Picha ni nzuri," alisema.

"Sema ukiwa pale mlangoni. Humu ndani sauti haitoki."

Akasimama mlangoni. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliweka ndoo chini. "Picha ya Chande ni nzuri," alisema Bi Siwema kwa sauti ya kufika kisimani.

Kesho yake Sudi akapokewa kama mhalifu. Alivaa koti la serikali, akaketi kwenye kiti kisichozunguka, baruti ya mwanga ikawaka, akapigwa mbele na ubavu. Karani akajaza jina kwenye kadi.

Ikasadifu siku hiyo kwamba Mtukufu Mlezi alikuwa ameurudisha ufunguo wa kabati la kadi. Alikuwa amekaa nao tangu mwanzo, kwa kuwa hakupenda Profesa awe na kitu cha kufungua ambacho yeye hana. Kwa hiyo Profesa Kibwana alisimama mbele ya kabati lake kwa mara ya kwanza, kadi ya Sudi mkononi, atafute kama mtu huyu aliwahi kukamatwa.

Alitoa kadi ya kwanza. Kichwa sawa, sikio sawa, kidole sawa. Akatoa ya pili. Akatoa ya ishirini. Alipofika droo ya mwisho alikuwa anacheka peke yake.

"Watukufu," alilia Barazani kesho yake, "nilisema Sayansi itawapunguza wezi. Sikuthubutu kuota kwamba itawapunguza kiasi hiki. Vipimo vyote vinalingana. Sikio ni lilelile. Mguu ni uleule. Wale wote tuliodhani ni kundi la wezi ni mtu mmoja. Nchi hii, Watukufu, ina mwizi mmoja."

Mtu mmoja mwenye busara kidogo aliuliza kuhusu picha, maana nyuso zilitofautiana, na nyingine zilikuwa za kike.

"Picha hudanganya," alisema Profesa. "Mtu akinuna ni mwingine, akicheka ni mwingine. Tarakimu hazinuni."

Mataifa jirani, ambayo kila moja lilikuwa na wezi kwa maelfu, yaliona wivu mkubwa, na hilo likathibitisha ugunduzi. Mpiga mbiu akazunguka mji mzima akitangaza kwamba Mwizi anatakiwa afike mbele ya hakimu asubuhi kutumikia kifungo chake. Kwa mujibu wa Sayansi tangazo liliwahusu watu wengi, ila kila mmoja alijiambia kwamba mtu ni mmoja na wengine watakwenda. Aliyekwenda alikuwa Sudi. Alifika kabla mlango haujafunguliwa, shati limepigwa pasi.

"Ndiye," alisema hakimu. "Mtiifu hivi, lazima ana lake jambo."

Kwa muda Bi Siwema alikuwa mwanamke mwenye furaha kupita wote nchini. Kwa kuwa mwizi ni mmoja, picha nazo ilibidi ziwe za mtu mmoja. Picha za Chande zikateremshwa kwa amri. Za Sudi zikakuzwa, zikatundikwa sokoni, posta, hospitali, na moja kubwa kama mlango ikaletwa Mawe Matatu na askari wawili. Watu walijaa. Bi Siwema aligawa kahawa na halua. Kila mara alijisogeza dirishani, atazame ng'ambo, pale ilipokuwa fremu, ambapo sasa palikuwa na msumari mtupu.

Rehani alikuja akasimama mbele ya picha. Hakugusa halua.

"Imetoka vizuri, mama," alisema. "Mwenyewe anatoka lini?"

Bi Siwema aliweka sinia la halua chini. Hakuwa amewaza upande huo.

Alikwenda gerezani. Afande wa gereza alimweleza bila kificho. Makosa ya nchi nzima ni ya mtu mmoja, na kifungo hujumlishwa. "Wakihesabu kuku peke yao, mama, kijana atakuwa na mvi. Ng'ombe hatujawagusa."

Sudi aliletwa kwenye nondo. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Alisema amepewa kazi ya kupima unga wa wafungwa, na mizani ilikuwa mbovu ikipendelea askari, ameitengeneza, na sasa askari hawasemi naye.

"Mama," aliuliza, "picha imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri."

"Basi tumefanikiwa."

Hakusema kwa kejeli. Sudi hakujua kejeli. Bi Siwema alirudi nyumbani akipita katikati ya picha za mwanawe, na kila ukuta ulimtazama kwa macho yale matiifu. Mlangoni alimkuta Mzee Shebe na bunda lake la kamba.

"Harusi ni Ijumaa," alisema Mzee Shebe. "Nimemwuliza afisa wa ndoa. Mwanao amethibitika, hongera. Na kwa kuwa Chande kisayansi ni yeye yule, Chande atakaa mahali pake. Mtu ni mmoja, mama Sudi. Sehemu imefungwa, sehemu ina nafasi Ijumaa."

"Na Rehani?"

"Rehani amejifungia jikoni. Nimemwambia asiwe na choyo, anaozwa kwa yuleyule."

Siku hiyohiyo Bi Siwema alikwenda kwa Profesa Kibwana, akamkuta anasafisha nishani zake.

"Mpime mwanangu upya," alisema. "Kwa yule kaa. Kichwa chake ni kikubwa. Mimi ndiye niliyekizaa, sihitaji chombo."

Profesa aliinuka akafunga dirisha. Sauti yake ilishuka. "Kikubwa kuliko cha nani, mama? Sasa hivi mwanao ni mwizi. Usimfanye mhaini."

Bi Siwema akatoka. Alitembea polepole, naye si mwanamke wa kutembea polepole, na alipofika Mawe Matatu alisimama katikati ya barabara. Kushoto ilikuwa picha. Kulia ulikuwa msumari, na chini ya msumari alikaa Bi Mashavu, ameshika tama, macho ameyakaza kwenye picha kubwa ya jirani. Bi Siwema aliyajua macho yale. Alikuwa ameyavaa yeye msimu mzima.

Dawa ya moto ni moto. Aliingia ndani, akachemsha kahawa, akamwita shoga yake.

"Nimechoka, mama Chande," alisema akimimina. "Shughuli za huyu mtoto zitaniua. Kila Ijumaa wanampiga picha mpya."

Bi Mashavu aliweka kikombe chini. "Mpya?"

"Na koti jipya. La juzi lilikuwa na vifungo vya shaba, mbele mpaka chini. Nimewaambia wasimzoeshe. Halafu Mtukufu Mlezi naye kazidi kwenda kule, anakaa karibu naye, nasikia anamwonea gere."

"Mlezi mwenyewe?"

"Sasa wanataka kumweka kwenye stempu." Bi Siwema alipuliza kahawa yake. "Ya ubavu."

Bi Mashavu alikuwa ameacha kutafuna halua.

"Mwanangu ndiye aliyeanza," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mtaa huu haukuwa na mwizi kabla yake."

"Kweli kabisa, shoga. Na bata yule hakuwa mchezo. Lakini dunia ndivyo ilivyo, aliyeanza husahauliwa. Mwache Chande aoe, atulie. Si kila mtoto amezaliwa kuwa mtu mkubwa. Ongeza halua. Pole."

Bi Mashavu hakuongeza halua.

Asubuhi mtaa uliamshwa na Chande. Alikuwa anapita katikati ya barabara akiongozwa na mama yake kwa sikio la kulia, lile la kwenye kadi.

"Mama, Ijumaa naoa," alikuwa anasema.

"Utaoa ukistaafu."

Gerezani Bi Mashavu aligonga lango mpaka afande akatoka na mswaki mdomoni. Alidai mwanawe arudishiwe nafasi yake. Yeye ndiye mwizi wa asili, yule mwingine ni wa kudandia, bata alimrudisha na mahindi juu. Afande aliitazama kadi ya Chande, akaitazama ya Sudi. Unywele kwa unywele. Alifikiri kuhusu ile mizani ya unga, jinsi ilivyokuwa zamani, kabla haijatengenezwa.

"Ni yeye," alisema. "Mwingize huyu. Yule mtoe haraka, kabla hajagusa mizani ya nyama."

Hivyo kijicho kilichomwingiza Sudi gerezani ndicho kilichomtoa. Ijumaa harusi ilikuwa ya wenyewe. Afisa wa ndoa alitazama kadi, akaona kwamba bwana harusi amethibitika na pia amefungwa, akasema yote mawili ni sifa njema kwa mwenye nyumba. Mzee Shebe alitoa mkono. Rehani alitoka jikoni. Ghala likamrudisha Sudi kwenye mizani, maana yule wa kadi tatu alikuwa ameondoka na sukari, pamoja na gunia na mizani ya akiba, na kosa lake likaandikwa kwa Chande.

Jumamosi Bi Siwema alikaa nyumbani kwake na kila alichokiomba. Mwanawe alikuwa uani akipasua kuni. Mkwewe alikuwa jikoni akiimba chini kwa chini. Sukari ilikuwa mezani, imefika yote.

Nje kukasikika tarumbeta.

Mwizi akibadilika uso, picha zake nazo hubadilika, na serikali ilikuwa imezichapa upya zote. Tena Bi Mashavu alikuwa amekwenda ofisi baada ya ofisi kudai vile vifungo vya shaba, zile picha za Ijumaa na ile stempu. Wakubwa hawakuwa na habari navyo, ila kila ofisi ilidhani ofisi nyingine imeshavitoa, ikaona wivu, ikavitoa. Sasa askari sita walikuwa wanateremsha Chande wa ubavu kwenye mkokoteni. Alikuwa mrefu kuliko nyumba. Vifungo viling'aa mpaka ng'ambo. Wanawake walikuwa wameweka ndoo chini, na Bi Mashavu, amevaa kanga mpya, alikuwa anawaelekeza askari wasikwaruze pua.

Bi Siwema alitazama. Kahawa ikapoa mkononi.

"Sudi," aliita bila kugeuka, "yule mkuu wa posta, alinunua bata mwingine?"

Wimbo ulikatika jikoni. Rehani alitoka na mwiko mkononi, akampita mkwewe, akalifunga dirisha, akatia komeo, akamtazama mpaka Bi Siwema akainamisha macho kwenye kikombe. Kisha akarudi kwenye chungu chake.

Bi Siwema alingoja mpaka alipousikia tena ule wimbo. Akalitoa komeo taratibu, akalisukuma dirisha kidogo tu, upana wa kidole cha kati.